Titani nayo hushika kutu, na kutu hiyo ndiyo kinga yake

Aliyejenga karibu na bahari, iwe Tanga, Mombasa au Zanzibar, anajua jinsi chumvi inavyolila bati. Mwili wa binadamu nao una chumvi: karibu gramu 9 katika kila lita ya majimaji yake, kwenye joto la nyuzi 37, usiku na mchana. Chuma cha kawaida hakidumu humo. Vyuma vyenye vanadi ambavyo madaktari wa mifupa walivitumia mwanzoni mwa karne ya 20 viliishia kuliwa ndani ya miili ya wagonjwa, ikabidi viachwe.

Titani imefaulu pale vyuma vile viliposhindwa. Hata hivyo, maelezo tunayoyasikia mara nyingi, kwamba titani haishiki kutu, si sahihi. Inashika, tena upesi kuliko chuma. Ukiukwangua uso wake, oksijeni huufunika kwa oksidi mpya kabla hujapepesa jicho. Tofauti iko kwenye kutu yenyewe. Kutu ya chuma huvimba na kubanduka, na kila inapobanduka chuma kilicho chini hubaki wazi na kuliwa tena. Ya titani hung'ang'ania metali iliyoizaa, haipitishi chumvi, na katika majimaji ya mwili karibu haiyeyuki kabisa. Unene wake ni nanomita chache tu, wakati unywele mmoja una nanomita 50,000 au zaidi. Ikichubuka, hujiziba yenyewe maadamu kuna oksijeni au maji.

Mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliifikia faida ya titani mwilini bila kuitafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa Lund, alichunguza mzunguko wa damu katika mifupa ya sungura kwa vifaa vidogo vya titani. Alipotaka kuvitoa, havikutoka. Mfupa ulikuwa umevishika. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya meno, na mgonjwa huyo aliishi navyo kwa takriban miaka 40.

Kwa skrubu nyingi za meno titani tupu inatosha. Kwa nyonga bandia inayobeba uzito wa mtu, huimarishwa kwa alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4. Kwa kuwa vanadi ikivuja inaweza kudhuru seli, ipo pia aloi iliyoweka niobi asilimia 7 mahali pake.

Kinywani ndipo kinga hii hujaribiwa kwelikweli. Floraidi peke yake haina neno. Ikikutana na asidi kali, hutokea asidi ya haidrofloriki, mojawapo ya kemikali chache zinazoweza kuyeyusha oksidi ya titani. Dawa ya meno ya kawaida, yenye floraidi ya miligramu 1,000 hadi 1,500 kwa kilo na isiyo na asidi, haileti shida. Jeli yenye asidi ambayo baadhi ya madaktari huipaka meno ina floraidi asilimia 1.23, mara kumi hivi ya hiyo, na pH yake ni kati ya 3 na 4. Hiyo isiguse kipandikizi.

Wakazi wa Arusha au Nakuru, ambako visima vingi vina floraidi nyingi, wana haki ya kuuliza: je, maji yetu? Hata yakiwa na miligramu 10 kwa lita, kiasi hicho ni kidogo mno kuidhuru titani. Wa kuhofiwa hapo ni mtoto ambaye meno yake bado yanakua.

Kwa maoni yangu, adui mkubwa kuliko jeli ni ukoga. Bakteria waliojificha chini ya ufizi hutoa asidi na kumaliza oksijeni inayoisaidia titani kujiziba. Seli nyeupe zinazokuja kupambana nao humwaga haidrojeni peroksaidi, nayo huidhoofisha oksidi. Katika tishu zinazozunguka vipandikizi vilivyougua zimekutwa chembe za titani; wataalamu wangali wanabishana kama ndizo zilizoanzisha uvimbe au ni matokeo yake. Msuguano nao huchangia: skrubu iliyolegea hucheza kila unapotafuna, na oksidi huchubuka kabla haijatulia.

Kwa hiyo, kama una kipandikizi, mwambie daktari wa meno kabla hajaanza kukusafisha, ili atumie vifaa vya plastiki au vya titani badala ya chuma kigumu kinachokwaruza. Jino likicheza, usisubiri ling'oke. Na ufizi ukitoka damu, nenda kliniki hata kama huumwi: maradhi ya kipandikizi mara nyingi hula mfupa bila maumivu yoyote.