Mgeni Alale Wapi, Ale Nini?

Ndugu zetu wa Visiwani wafikapo huku Songwe kwa biashara hutuuliza: tulale wapi, tule nini? Swali hili ni la kale. Yapata mwaka 1331 Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, alishuka Mogadishu, wala hakupata tabu ya kuuliza. Desturi ya mji ule ilikuwa kila mfanyabiashara achukuliwe na mwenyeji wake. Yeye, kwa kuwa ni mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi. Akalazwa katika nyumba ya wanafunzi, akaandaliwa wali wa samli kwa nyama, kuku na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi na embe. Sisi kila tusomapo habari hizo hushikwa na njaa.

Hapa Ruanda, wilayani Mbozi, mgeni hakosi ugali na maharage, ingawa twalima kahawa na kumpa chai. Shida iko Tunduma. Kituo cha pamoja cha mpaka baina yetu na Zambia kilifunguliwa mwaka 2019, lakini foleni za malori zingali zikitokea, na dereva hulala ndani ya gari, akila kwa mama ntilie kando ya barabara. Chakula ni kizuri. Maji ya kunawa ndiyo ya kutafuta.

Tunawataka maofisa wa halmashauri wazikague nyumba za wageni: kitasa, choo, maji, na bei iliyobandikwa ukutani. Tena wakague usiku, wageni wanapoingia, siyo saa nne asubuhi vyumba vimekwisha fagiliwa.