Mapigo ya moyo yakivurugika: Je, mkimbiaji aache mbio?

Binti mmoja, msomaji wetu wa Tanga, ametuuliza juu ya baba yake. Mzee ana umri wa miaka 54, na kwa miaka mingi kila akitoka kuswali Alfajiri huvaa raba zake akakimbia hadi baharini na kurudi. Miezi miwili iliyopita alirudi mapema, akakaa barazani ameshika kifua, akasema moyo unamrukaruka kama samaki aliyetolewa majini. Hospitali wakampima na kumwambia kuwa mapigo ya moyo wake hayana mpangilio. Tangu siku hiyo mama amezificha raba. Mzee amenyong'onyea, mwili unaongezeka na nyumbani hakuna maelewano. Anauliza binti: nani yuko sahihi, baba au mama?

Kwa hakika kila mmoja ana hoja yake, na jibu linategemea jambo ambalo barua haikulieleza, nalo ni namna gani mapigo hayo yamevurugika. Moyo kwenda ovyo si maradhi ya aina moja.

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Katika chumba cha juu cha kulia ipo sehemu ndogo inayotoa umeme kidogo kidogo, na umeme huo ndio unaouamrisha moyo kupiga. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kwa mkimbiaji wa siku nyingi mapigo yanaweza kushuka hadi 50 au hata 40, na hilo peke yake si ugonjwa. Ni moyo uliozoea kazi.

Wapo watu ambao pigo moja huwahi kabla ya wakati wake, kisha kinapita kimya kifupi, halafu linakuja pigo zito linalomshtua mwenyewe. Haya ni mapigo ya ziada. Kwa mtu ambaye moyo wake umepimwa ukaonekana mzima, mara nyingi hayana madhara. Yapo pia mavurugiko yanayoanzia vyumba vya chini, na hayo ndiyo yanayoweza kumwangusha mtu ghafla. Kwa hiyo mtu aliyewahi kuzimia akiwa anakimbia, au anayebanwa na kifua akikaza mwendo, au ambaye katika ukoo wao kuna vijana waliofariki ghafla bila sababu kujulikana, huyo asikimbie hata hatua kumi mpaka aonwe na daktari wa moyo.

Lakini linalowapata zaidi watu wa umri wa mzee wetu huyu ni mtetemo wa vyumba vya juu, ambao hospitalini utasikia ukiitwa AF. Badala ya vyumba vya juu kujikamua kwa pamoja, vinatetemeka tu. Damu haisukumwi yote, nyingine inatuama pembeni, na damu iliyotuama huganda. Donge likichomoka likaenda hadi ubongoni, mtu amepata kiharusi. Kwa ujumla, mwenye tatizo hili yuko katika hatari ya kupata kiharusi takriban mara tano kuliko asiye nalo.

Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea. Zinaogopa kuwa baba ataanguka barabarani akikimbia, basi zinamzuia kutoka, zikidhani zimemaliza kazi. Kumbe kiharusi kinaweza kumpata akiwa amelala kitandani kwake, na raba zimefungiwa kabatini. Kumkalisha mtu hakuzuii damu yake kuganda.

Chanzo cha mtetemo huu mara nyingi ni presha ya muda mrefu, uzito uliozidi, matatizo ya tezi ya shingo, au kukoroma sana huku pumzi ikikatika usingizini. Miraa nayo huuchochea moyo, na wale wanaoitafuna usiku kucha kisha wakaenda kukimbia asubuhi wajue wanafanya nini. Kwetu Afrika kipo chanzo kingine ambacho nchi tajiri zimekaribia kukisahau: valvu za moyo zilizoharibika tangu utotoni. Mtoto huumwa koo kwa sababu ya vijidudu, asipotibiwa vizuri hupata homa inayovimbisha viungo, na homa hiyo huacha makovu kwenye valvu. Miaka 20 baadaye ndipo moyo unapoanza kutetemeka. Wazazi na walimu wa madrasa wasilidharau koo la mtoto lenye homa.

Na mbio zenyewe, haziwezi kuwa chanzo? Zinaweza, zikipita kiasi. Nchini Sweden kuna mashindano ya kuteleza kwenye theluji yaitwayo Vasaloppet, ya kilomita 90. Watafiti waliwafuatilia washiriki zaidi ya 52,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Waliomaliza mashindano hayo mara tano au zaidi walionekana kupata mavurugiko ya mapigo kwa karibu asilimia 30 zaidi ya waliomaliza mara moja. Hao ni watu wanaojitesa kwa mazoezi miaka na miaka. Mzee anayekwenda baharini na kurudi hayumo katika kundi hilo.

Kwa upande wa pili, huko Adelaide, Australia, wagonjwa 120 wenye mtetemo huu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa mazoezi yaliyopangwa kwa miezi sita, yakiongezwa taratibu hadi kufikia dakika 210 kwa wiki. Kundi la pili likapewa matibabu ya kawaida. Baada ya mwaka, katika kundi la mazoezi asilimia 40 walikuwa hawajarudiwa na tatizo, na katika kundi jingine ni asilimia 20. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 2023. Kwa hiyo mama akitaka kumlinda mumewe kwa kumkalisha, anaweza kuwa anamwongezea ugonjwa, hasa kama uzito unapanda.

Basi mzee atarudije barabarani? Kwanza vipimo vikamilike. Kipimo cha umeme wa moyo (ECG) huchukua dakika chache, lakini moyo unaovurugika leo na kutulia kesho unaweza kukihadaa. Wakati mwingine mgonjwa huvalishwa kifaa kidogo kifuani kwa saa 24 au zaidi. Ultrasaundi ya moyo, wenyewe huiita eko, huonyesha valvu na misuli. Kwa Tanzania, kesi ngumu hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015.

Daktari akiruhusu, aanze kwa kutembea dakika kumi, kisha mchakamchaka wa dakika moja au mbili, kisha atembee tena, na aendelee hivyo kwa wiki kadhaa. Asisimame ghafla, amalizie kwa kutembea. Kipimo chake cha nguvu kiwe ni mazungumzo: akiweza kuzungumza na mwenzake sentensi nzima bila kutweta, mwendo unafaa. Asitegemee saa za mkononi zinazohesabu mapigo, kwani moyo ukitetemeka zinaweza kukosea, na dawa za kupunguza kasi ya moyo hufanya hesabu za kawaida zisimhusu. Dawa hizo pia huifanya miguu kuwa mizito siku za mwanzo, na wapo wanaoziacha kwa sababu hiyo tu. Asiziache, amweleze daktari, huenda zikabadilishwa au kiwango kikapunguzwa.

Kabla ya kutoka akae kitako dakika tano, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, ahesabu kwa dakika nzima. Asihesabu robo dakika akazidisha kwa nne, maana mapigo yasiyo na mpangilio hayazidishiki. Akihisi yanadondoka ovyo kama mvua inayochuruzika makutini, au yanakwenda mbio ilhali ametulia, siku hiyo apumzike na siku za kliniki aitaje.

Sasa tuje kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, maana hapa nyumba nyingi za Kiislamu zina mambo yake. Mwenye kutumia dawa hizi asiende kupigwa hijama bila daktari wake kujua, kwani damu inaweza isikatike. Vidonge na mafuta ya habasoda, na vitunguu saumu vinavyomezwa kama dawa, navyo vitajwe kliniki. Anayetumia warfarini haambiwi aache mchicha na kisamvu. Anaambiwa ale kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki, na asiache kupima damu. Kwa wale ambao valvu zao zimeharibiwa na ile homa ya utotoni, utafiti wa kimataifa wa mwaka 2022 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500, wakiwemo wa Afrika, ulionyesha kuwa dawa za namna ya warfarini ziliwafaa kuliko moja ya dawa mpya zenye sifa nyingi. Wasibadilishe kwa kusikia ya jirani. Aidha mkimbiaji anayetumia dawa hizi asikimbie gizani penye mashimo, na akianguka akagonga kichwa aende hospitali hata kama hakuna jeraha.

Ramadhani nayo itakuja. Sheria imempa mgonjwa ruhusa, na neno la daktari muadilifu lina uzito katika hilo. Dawa nyingi zinaweza kupangwa futari na daku, lakini zinazomkojoza mtu sana zikichanganyika na kiu huuvuruga moyo. Mazungumzo hayo yafanyike Shaaban. Mbio za jioni kabla ya futari aziache. Atembee baada ya Tarawehe.

Na nyumba nzima ijue alama za kiharusi: mdomo kwenda upande, mkono mmoja kuishiwa nguvu, ulimi kuwa mzito ghafla. Watu husema amepigwa na upepo, wakaanza kumzungusha kwa waganga huku saa zinakwenda. Ni hospitali moja kwa moja. Kisomo kinaweza kusomwa humo humo garini.

Binti yetu, barua yako haikusema kama baba amepewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Nendeni naye kliniki wiki hii, wewe na mama, mkaulize hilo kwanza. La raba mliulize baadaye.