Lebo ndogo yaweza kukipa kikapu cha Ukerewe jina sokoni

Na Mwandishi Wetu, Nansio

KIKAPU kilichosukwa katika kijiji cha Ukerewe husafiri mbali kabla ya kumfikia mnunuzi. Hutoka kijijini hadi Nansio, makao makuu ya wilaya, kikapakiwa melini kwa safari ya saa tatu hivi hadi bandari ya Mwanza Kaskazini, au kikavushwa kwa pantoni kutoka Rugezi hadi Kisorya na kufuata barabara ya Bunda. Kikishapangwa katika duka la Mwanza, Arusha au Dar es Salaam, hakuna tena kinachoonyesha kuwa kimetoka kisiwani.

Hapo ndipo msukaji anapopoteza. Mnunuzi aliyekipenda hajui amtafute nani ili apate vingine sita vya kufanana nacho. Mchuuzi, ambaye ndiye pekee anayemjua msukaji, hana sababu ya kumtaja, na akitaka anaweza kufunga lebo yake mwenyewe, kikapu kikabadilisha asili yake kwa dakika moja.

Kinga ya hasara hiyo si ya gharama kubwa. Ni kipande cha karatasi ngumu, kilichoandikwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Lakini lebo iliyotengenezwa ovyo huweza kuwa mbaya kuliko kukosa lebo, kwa kuwa mnunuzi huanza kuutilia shaka hata ususi ambao hauna kasoro yoyote.

Kinachoandikwa

Kosa linaloonekana mara nyingi katika lebo za bidhaa za mikono ni kutaka kusema kila kitu upande mmoja: jina la kikundi, kaulimbiu, sanduku la posta, picha ya ua, ramani ya Afrika na namba tatu za simu. Jicho la mnunuzi halijui lianzie wapi.

Upande wa mbele unatosha kubeba jina na nembo, na chini yake maneno machache ya kueleza kitu chenyewe. Upande wa nyuma ndio wa maelezo: malighafi iliyotumika, mahali kiliposukwa, namna ya kukitunza na namna ya kumpata mtengenezaji. Mwandiko wa aina moja, au mbili kwa wingi, huipa lebo utulivu. Herufi zikiwa ndogo kuliko pointi nane, wazee hawatazisoma bila miwani, na wazee ndio wenye fedha.

Maelezo ya malighafi yawe ya kweli na mahususi. "Ukindu uliotiwa rangi, mpini wa ngozi" humwambia mnunuzi jambo. "Bidhaa bora ya asili" haimwambii lolote. Kama rangi iliyotumika ni ya dukani, isiitwe ya mitishamba. Tanzania inayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo inakataza kuipa bidhaa maelezo ya uongo, na usimamizi wake uko chini ya Tume ya Ushindani.

Nchi ya asili isisahaulike. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1930 inataka bidhaa inayoingizwa nchini humo ionyeshe nchi ilikotoka, na iandikwe kwa Kiingereza. Kwa hiyo anayetarajia kuuza huko hawezi kutegemea neno "Ukerewe" peke yake. Lazima Tanzania itajwe. Kwa mtalii aliyeko Mwanza, hata hivyo, neno Ukerewe ndilo lenye mvuto, kwa kuwa ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria.

Wapo wanaodhani kwamba Kiingereza peke yake ndicho kinachoipandisha bidhaa hadhi. Jina la Kikerewe la chombo, likiandikwa kwa usahihi na kufuatwa na maelezo mafupi kwa Kiswahili na Kiingereza, lina uzito wake. Kisiwa hiki ndicho kilichomtoa Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na kusubiri hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo toleo la Kiswahili likachapishwa Dar es Salaam. Lugha iliyobeba riwaya nzima haishindwi kubeba lebo ya kikapu.

Namba ya simu ina mtego wake. Laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020, na lebo yoyote iliyokuwa imechapwa namba ya laini hizo ikabaki kuwa pambo tu. Tangu Machi 2017 mteja wa simu nchini anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba, hivyo hakuna haja tena ya kubadili namba kila anapofuata vifurushi vya bei nafuu. Lililo salama zaidi ni kuchapa jina na nembo kwa wingi, kisha kugonga namba kwa mhuri wa mpira. Namba ikibadilika, hubadilishwa mhuri, si lebo elfu moja. Namba hiyo ianze na +255, la sivyo mteja wa nje hataweza kuipiga.

Bei isichapwe. Duka la Nansio na duka la uwanja wa ndege haliuzi kwa bei moja, na lebo iliyofutwafutwa kwa kalamu humfukuza mteja. Kibandiko kidogo cha bei, kinachobanduka bila kuacha gundi, kinafaa zaidi.

Karatasi, wino na uzi

Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Hiyo ni laini mno. Hujikunja katika siku ya kwanza ya unyevu wa ziwani. Lebo huhitaji karatasi ya gramu 250 hadi 300. Mashine nyingi ndogo za ofisini hukwama zikilishwa karatasi nene kiasi hicho, hivyo ni vema kumuuliza mwenye duka la vifaa vya ofisi mashine yake inameza gramu ngapi kabla ya kununua karatasi.

Kipimo kinachofaa kwa vikapu na mikoba ni sentimita 4.5 kwa 9. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7, kwa hiyo hutoa lebo nne kwa upana na tatu kwa urefu, yaani 12, na pembeni hubaki nafasi ambayo mashine haiwezi kuchapa. Lebo 100 hupatikana katika karatasi tisa. Tuseme karatasi moja pamoja na kuchapwa inagharimu shilingi 1,200: kila lebo itakuwa imegharimu shilingi 100. Anayeuza kikapu kwa maelfu ya shilingi hana sababu ya kuogopa gharama hiyo.

Suala la wino linastahili kuangaliwa zaidi, hasa kwa bidhaa zinazovuka maji. Mashine nyingi zinazonyunyiza wino wa maji hutoa picha nzuri, lakini tone moja la mvua huchuruza rangi na kuchafua ukindu. Mashine ya leza, pamoja na ile ya fotokopi, huyeyusha unga wa wino juu ya karatasi kwa joto, na maandishi yake hayachuruziki. Kipimo ni rahisi: dondosha tone la maji juu ya lebo ya majaribio, subiri dakika moja, kisha futa kwa kidole.

Habari njema kwa mwenye mtaji mdogo ni kwamba fotokopi nyeusi juu ya karatasi ya manila yenye rangi ya kahawia au maziwa hupendeza kuliko rangi tano za kung'aa. Inafanana na bidhaa yenyewe. Rangi nyingi huifanya lebo ya kikapu ionekane kama ya sabuni ya kiwandani.

Baada ya kuchapa, kata kwa kisu cha karatasi na rula ya chuma. Mkasi huacha kingo za mawimbi, na hapo ndipo kazi ya mikono inapogeuka kuwa kazi ya haraka. Tundu litobolewe kwa kitobozi, mbali na ukingo walau nusu sentimita ili lisichanike.

Uzi wa katani ndio unaofaa: ni zao la Tanzania, haufunguki ovyo kama nailoni, na rangi yake inakubaliana na ukindu na mafunjo. Lebo ya kikapu ifungwe kwenye mpini, na ya chungu shingoni. Pini za stepla zisitumike kabisa. Hushika kutu na kuacha doa ambalo halitoki katika nguo wala mkeka.

Alama zisizo zako

Ipo tamaa ya kuipamba lebo kwa alama zinazoonekana za kiserikali. Nembo ya Taifa haitumiki bila kibali, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hutolewa kwa leseni baada ya bidhaa kupimwa. Kikapu hakiihitaji ili kuuzwa sokoni. Sabuni ya kutengeneza nyumbani ni jambo jingine, kwani tangu mwaka 2019 usimamizi wa vyakula na vipodozi ulihamishiwa TBS. Mjasiriamali mdogo huanzia kwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoundwa mwaka 1973 na ambalo lina ofisi Mwanza, ili apate barua ya utambulisho.

Msimbo wa mistari nao una maana yake. Misimbo inayotolewa na GS1 Tanzania huanza na 620. Kabla ya ofisi hiyo kuanzishwa mwaka 2011, wazalishaji wa nchini walilazimika kuchukua misimbo ya nje, ikiwamo ya Kenya inayoanza na 616. Kunakili mistari kutoka kwenye boksi la biskuti, kwa kudhani kwamba ni pambo, kutamfanya mwenye duka kubwa asome "biskuti" kikapu kinapopita kwa keshia.

Jina ni la nani?

Wengi huamini kuwa wakishasajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (Brela), jina lililo kwenye lebo limekwisha kulindwa. Si kweli. Usajili wa alama ya biashara ni jambo tofauti, chini ya sheria ya mwaka 1986. Alama husajiliwa kwa miaka saba, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10, tena kwa madaraja: mikeka iko daraja la 27 na mikoba daraja la 18. Usajili wa Bara hauvuki hadi Zanzibar, ambako kuna wakala wake na ambako ndiko soko kubwa la watalii liliko.

Jina tupu la bidhaa au la mahali ni gumu kulisajili, kwa kuwa halimtofautishi muuzaji mmoja na mwingine. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili nchini humo neno "kikoy", vazi ambalo watu wa pwani ya Afrika Mashariki wamelifuma na kulivaa vizazi na vizazi. Ombi hilo lilipingwa kwa niaba ya wafanyabiashara wa Kenya, na hatimaye likaachwa.

Kwa kikundi cha wasukaji, swali zito liko karibu zaidi ya Uingereza: nani atakayejaza fomu? Mwenyekiti au katibu akisajili alama kwa jina lake binafsi, siku akijitoa ataondoka na jina ambalo wanachama wote wamelijenga. Fomu ijazwe kwa jina la kikundi kilichosajiliwa.

Ndani ya kikundi, kila msukaji apewe namba yake, iandikwe kwa kalamu nyuma ya lebo pamoja na mwezi wa kusukwa, na daftari la namba hizo likae kwa mweka hazina. Oda ya vikapu sita vya kufanana na kile cha namba 14 ikifika kutoka Arusha, kikundi kitajua mlango wa kubisha hodi.