Mstari Mweupe Kibarazani: Sayansi ya Kuosha Zege kwa Mashine ya Presha

Masika yakiisha, kibaraza cha kwa mjomba kule Kibuta, wilayani Kisarawe, huwa na rangi mbili. Upande unaopigwa na jua ni kijivu. Upande wa chini ya mwembe ni kijani kinachoelekea kuwa cheusi, na hapo kila mtu wa nyumba ile ameshateleza walau mara moja. Mwaka huu aliteleza bibi akiwa na ndoo mkononi. Hakuvunjika, tunamshukuru Mungu, lakini mjomba akasema sasa basi. Akamwendea kijana anayeosha bodaboda na magari barabarani, akakodi mashine yake ya presha kwa siku moja.

Tulipowasha tu, ukatokea mstari mweupe juu ya ule weusi. Watoto wakashangilia. Mimi, mtu mzima ninayesomea shahada ya pili, nikasema kwa kujiamini: "Mjomba, sogeza karibu zaidi, hapo utaona inavyong'oa!" Akasogeza. Jioni kibaraza kilikuwa kimetakata kama kipya.

Wiki mbili baadaye mke wa mjomba alinipigia simu. "Mwanangu, wewe ndiye msomi. Kila nikifagia kibaraza napata mchanga. Jana nimefagia, leo upo tena. Huu mchanga unatoka wapi?"

Jibu lilinitia aibu: ulikuwa unatoka kwenye sakafu yenyewe. Ule weupe tulioushangilia haukuwa usafi peke yake. Tulikuwa tumechubua zege. Basi makala hii ni deni langu kwake, na kwako wewe unayefikiria kukodi au kununua mashine hii.

Presha yake ni kubwa kiasi gani?

Shuleni tuliiita kanieneo, mtaani ni presha. Ni kani iliyogawanywa kwa eneo inapokandamiza. Tuipime kwa kipimo cha baa, maana ndicho kinachoandikwa kwenye mashine nyingi (nyingine huandika psi, na baa 1 ni kama psi 14.5).

Chukua tangi la maji lililopandishwa mnara wa mita 3. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban baa 1, kwa hiyo bomba lililo chini ya tangi hilo lina baa 0.3 tu. Mashine ndogo ya nyumbani hutoa kama baa 100. Ungetaka kupata presha hiyo kwa tangi la mnara, ungelipandisha mita 1,000 juu, yaani karibu sehemu ya sita ya kimo cha Mlima Kilimanjaro.

Presha hiyo ikifika kwenye tundu la nozeli hugeuka kuwa kasi. Kanuni yake imetokana na kazi ya Daniel Bernoulli, aliyechapisha kitabu chake cha mwendo wa vimiminika mwaka 1738. Ukipiga hesabu, baa 100 zinaweza kurusha maji kwa kasi ya kama mita 140 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 500 kwa saa. Maji ya lile tangi la mita 3 hayazidi mita 8 kwa sekunde.

La kushangaza ni kwamba maji yenyewe ni kidogo. Mashine ya aina hii hutoa kama lita 6 kwa dakika, kiasi kwamba ndoo ya lita 20 inachukua zaidi ya dakika tatu kujaa. Maji hayo yote yanapita kwenye tundu lenye upana wa kama milimita 1. Msukumo wake wote ni sawa na uzito wa kilo moja na nusu hivi, wala si nguvu ya kutisha. Kinachotisha ni kwamba kilo hiyo na nusu imewekwa juu ya eneo dogo kama kichwa cha pini.

Ila usidanganyike na hizo lita 6. Ukiosha saa nzima bila kuachia kifyatulio umetumia lita 360, sawa na ndoo 18. Kwa nyumba inayonunua maji kwa dumu, hilo si jambo dogo.

Zege lina ngozi

Tunasema zege ni gumu, na ni kweli, lakini ugumu wake una upande. Zege la kawaida linaweza kuhimili kukandamizwa kwa megapaskali 20, ambazo ni baa 200. Ukilivuta, mambo yanabadilika. Uwezo wake wa kuhimili kuvutwa ni kama sehemu ya kumi tu ya hapo, yaani baa 20 hivi. Ndiyo maana mafundi huweka nondo: chuma kinabeba mvuto ambao zege haliwezi.

Sasa angalia maji yanavyofanya. Yakigonga sakafu kwa karibu, hayakandamizi tu. Yanaingia kwenye vitundu na nyufa ndogo usizoziona, kisha yanasukuma kutoka ndani kwenda nje. Chembe ya mchanga iliyoshikwa na saruji haikandamizwi tena, inang'olewa. Na zege, kama tulivyoona, linaogopa kung'olewa. Kuna wakandarasi wanaotumia jambo hili makusudi: kwa maji ya presha ya baa 1,000 na zaidi hubomoa zege bovu la madaraja na kuacha nondo zikiwa nzima.

Sakafu zetu nyingi zina udhaifu mwingine. Juu ya zege au plasta fundi hupiga nilu, ule uji wa saruji unaofanya sakafu iteleze vizuri chini ya mwiko. Tabaka hilo ni jembamba sana, nalo ndilo linalofunika mchanga ulio chini yake. Kama fundi alizidisha maji kwenye mchanganyiko, maji ya ziada hupanda juu na chembe laini, na tabaka la juu hubaki kuwa la unga unga. Kama sakafu haikumwagiliwa maji siku zake za mwanzo, inakuwa dhaifu zaidi. Tabaka hilo ndilo mashine inalolikuta kwanza.

Ukishaliondoa umejiletea tatizo la pili. Sakafu yenye ngozi ni laini, maji hutiririka. Sakafu iliyochubuliwa ina mashimo madogo madogo yanayoshika maji, vumbi na mbegu za ukoga. Masika ijayo, chini ya mwembe ule ule, kijani kinapata makazi bora kuliko mwanzo.

Siri iko kwenye umbali

Hapa ndipo nilipokosea. Namba iliyoandikwa kwenye mashine ni presha iliyo ndani ya pampu. Presha inayofika sakafuni inaamuliwa na vitu viwili vilivyo mikononi mwako: nozeli na umbali.

Nozeli nyingi hutambulika kwa rangi. Nyekundu ni nyuzi 0: maji yanatoka kama sindano. Njano ni nyuzi 15, kijani nyuzi 25, nyeupe nyuzi 40. Nyeusi ni ya kumwaga sabuni kwa presha ndogo. Kadiri nyuzi zinavyoongezeka, maji yanafunguka kama upepeo.

Tuchukue ya kijani. Ukiishika sentimita 30 kutoka sakafuni, upepeo wa maji una upana wa kama sentimita 13. Ukisogea hadi sentimita 15, upana unakuwa nusu. Ukifika sentimita 5, unabaki na sentimita 2 tu. Kilo ni ile ile moja na nusu, eneo limepungua mara sita. Mashine haijaongezwa nguvu hata kidogo. Wewe ndiye uliyeiongeza kwa kuinamisha mkono.

Kwa hiyo, kwa sakafu ya nyumbani, tungefanya hivi:

1. Fagia kwanza, kisha lowesha. Uchafu uliokauka unahitaji nguvu kubwa, uliolowa unahitaji ndogo.
2. Mwaga maji ya sabuni, acha dakika kama kumi bila kuachia ikauke, kisha sugua kwa brashi ngumu. Sabuni na brashi zikifanya kazi yao, mashine inabaki na kazi ya kusuuza tu.
3. Tumia nozeli ya nyuzi 25 au 40. Nyekundu iache kwenye boksi.
4. Anzia kona isiyoonekana, umbali wa nusu mita. Sogea taratibu mpaka uchafu uanze kutoka, kisha simama hapo hapo. Kwenye sakafu ya nilu usishuke chini ya sentimita 30.
5. Inamisha mkono ili maji yapige kwa mshazari, na usikae sehemu moja.
6. Sehemu ya majaribio ikikauka, ipapase kwa kiganja. Ukipata mchanga au unga mweupe, umezidisha. Ukipata kiganja safi, endelea.

Zege jipya liache walau siku 28 kabla ya kulipiga kwa presha. Usitumie ndimu, siki wala asidi ya kusafishia choo, kwa sababu asidi hula saruji. Na kama utamwaga jiki kuua ukoga uliobaki, usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu.

Bodaboda, pampu na mashine ya muhogo

Nyumba nyingi za Kisarawe zina vyombo vinavyoomba kuoshwa: pikipiki yenye matope, mashine ya kukwangua muhogo, pampu ya kupulizia mikorosho. Kanuni ni moja. Maji ya kasi hii hupita mahali ambapo mvua haifiki.

Beringi hufungwa kwa sili ya mpira ili grisi ibaki ndani na vumbi libaki nje. Sili imetengenezwa kuzuia mvua na matope. Ukiipiga kwa karibu, maji yanaingia, grisi inatoka, na baada ya wiki chache unasikia mlio. Kwa hiyo kwenye bodaboda, shina la gurudumu, cheni, soketi za nyaya na rejeta oshea kwa mbali, au tumia ndoo na kitambaa.

Mashine ya muhogo ioshe mara tu baada ya kazi, kabla wanga haujakauka na kushika kama gundi. Hapo brashi na maji ya ndoo vinatosha. Ukitumia presha unarusha matone yenye uchafu hadi kwenye muhogo uliokwishakwanguliwa. Ya pampu ya kupulizia ni mazito zaidi, kwani matone hayo yana dawa ya wadudu, na wewe unayavuta. Isuuze kwa mkono ukiwa umevaa glavu, mbali na kisima.

Mashine yenyewe pia inadai matunzo. Maji ya mvua uliyoyakinga yana mchanga, na mchanga hula pampu, kwa hiyo chuja. Na usiiwashe kabla maji hayajaanza kupita. Pampu ikikosa maji hutengeneza mapovu ya mvuke yanayopasuka na kugonga chuma kama nyundo ndogo.

Ngozi yako ni dhaifu kuliko zege

Hili ndilo ningependa ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Kama maji haya yanachubua saruji, kidole ni nini kwake? Mkondo mwembamba ukikupiga kwa karibu unaweza kupenya ngozi na kusukuma maji, uchafu na vijidudu ndani ya nyama. Kidonda chake kwa nje ni kama tundu la sindano. Hakitoi damu nyingi, pengine hakiumi sana mwanzoni, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ndani mkono unaweza kuwa unavimba na kuoza. Usikipake mafuta ukasubiri kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kwa maneno wazi kwamba ulipigwa na maji ya presha.

Kwa hiyo vaa viatu vilivyofunika vidole, na miwani, kwani kokoto hurushwa. Usimwelekezee mtu hata kwa utani, na watoto wasishike bunduki yake. Kiungio cha ekstensheni kiinue juu ya kitu kikavu, na umeme wa nyumba uwe na swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja. Kama ni mashine ya petroli, isiwashwe ndani: moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua.

Na kibaraza cha mjomba?

Fundi alikuja, akasugua kilicholegea kwa brashi ya waya, akalowesha, akapiga nilu upya. Gharama yake ilizidi kodi ya mashine mara kadhaa. Safari hii tulimwagilia siku saba.

Ile kona iliyo nyuma ya mlango, ambayo mpira wa mashine haukufika, bibi aliisugua mwenyewe kwa sabuni ya unga na brashi. Nimeipapasa juzi. Ni safi, ni laini, na kiganja hakikutoka na mchanga.