Jiko la Shira Juu ya Ardhi Isiyotulia

Shira tunayomwagia kaimati hupikwa kwa sukari na maji. Huko Vermont, Marekani, na Quebec, Kanada, shira hutoka mtini. Majira ya baridi yakielekea ukingoni, wakulima hutoboa miti ya mepo, hukinga utomvu wake na kuuchemsha. Utomvu huo ni mwepesi kama maji, sukari yake takriban asilimia 2, hivyo lita 40 hivi hutoa lita 1 tu ya shira. Kazi nzima ni kufukuza maji. Ndiyo maana karai lake ni bapa na refu, la chuma cha pua, limegawanywa kwa vijia na kuwekwa juu ya tanuri la kuni. Utomvu huingia upande mmoja, huzidi kuwa mzito kadiri unavyosogea, na hutoka upande wa pili ukiwa shira.

Kina cha utomvu karaini ni kidogo, sentimita chache tu, na msimamizi wake ni boya linalofanya kazi kama lile la tangi la choo: utomvu ukishuka hufungua, ukipanda hufunga. Kasoro ya boya ni kwamba hujua kina cha pale lilipo tu. Tuseme kwenye boya kuna sentimita 3, na kona ya mbali imeinuka sentimita 2. Kule imebaki sentimita 1. Ikiinuka 3, chuma kiko kikavu juu ya moto mkali. Sukari huungua, shira yote hushika ladha ya masizi, na karai lenyewe hupinda. Yote hayo ni kazi ya dakika chache.

Kona huinuliwa na ardhi iliyo chini ya jiko inapoganda. Na ardhi huinuliwa na nini? Jibu la haraka ni kwamba maji yakiganda hutanuka. Ni kweli, hutanuka kwa asilimia 9 hivi, lakini hiyo si sababu kuu. Katika makala alizochapisha mwaka 1929 na 1930, mwanajiolojia Mmarekani Stephen Taber alionyesha kuwa udongo huinuka hata ukiloweshwa kwa benzeni, ambayo husinyaa inapoganda. Kiini ni mfyonzo. Udongo wa chembe laini huvuta maji kutoka chini kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, ukayapeleka kwenye sehemu inayoganda. Huko hujijenga matabaka ya barafu, nayo husukuma juu chochote kilicho juu yake. Waliopanda Kilimanjaro au Mlima Kenya wameona alfajiri vijisindano vya barafu vimebeba udongo na changarawe kichwani. Ni nguvu ileile.

Shida ya mpika shira ni kwamba hawezi kusubiri ardhi itulie. Utomvu hutiririka vizuri usiku ukiwa wa kuganda na mchana wa kuyeyuka, na hali hiyohiyo ndiyo inayoisumbua ardhi. Tanuri nalo huongeza lake: joto huyeyusha udongo chini ya chumba cha moto, miguu ya jiko ya hapo ikadidimia, ilhali mingine bado imesimama juu ya barafu. Jiko lililokaa sawa kabla ya baridi huenda limeinama siku ya kwanza ya kupika.

Ardhi huinuka pakiwa na vitu vitatu: baridi, maji na udongo laini. Baridi hatuiwezi, ingawa bodi za povu gumu chini ya sakafu huipunguza makali. Maji huelekezwa mbali kwa mitaro, hasa yale ya paa. Udongo laini huchimbwa na mahali pake hujazwa kokoto, ambayo haifyonzi. Juu yake humwagwa zege la kipande kimoja, ili sakafu ikisogea isogee pamoja na jiko lote.

Asiye na uwezo wa hayo ategemee miguu ya skrubu au vibamba vya chuma chini ya miguu. Kabari za mbao hapana. Moto uko jirani. Na katika kupima, asiamini sana pima maji fupi ya fundi, kwani bati lililozoea moto huwa na mabonde yake. Amwage maji safi karaini kabla ya kuwasha, asubiri yatulie, kisha achovye rula kwenye kona zote nne. Karai lenyewe ndilo pima maji. Kona yenye kina kidogo ndiyo iliyoinuka.

Namba hizo nne ziandikwe ukutani kwa chaki kila asubuhi. Baada ya wiki moja zitaonyesha mguu upi unapanda na upi unazama. Siku zinapopishana kwa sentimita nzima, kuni zisubiri, spana itangulie.