Pedeli Iliyozama Mlimani

Kutoka Lushoto hadi Mombo barabara inateremka milima ya Usambara kwa zaidi ya kilomita 30, kona juu ya kona. Pikapu ya hadithi yetu iliteremka hapo imejaa kabichi. Dereva wake, kijana mwenye haraka ya soko, hakutaka kusikia habari za gia ndogo. Aliacha gari lijiendee, kila kona anakanyaga breki. Karibu na bondeni ikaja harufu ya kuungua. Kona iliyofuata akakanyaga pedeli, mguu ukazama mpaka karibu na sakafu. Akapampu harakaharaka, mara tatu, mara nne, pedeli ikapanda kidogo na gari likashika kwa taabu.

Gereji ya kwanza aliyoikuta ilikuwa ya fundi mmoja, mama wa makamo, aliyekuwa na mpwa wake wa darasa la saba.

"Shikamoo mama. Breki zimenikimbia."

"Marahaba. Egesha hapo kivulini, nimalize hili la mwenzio."

Saa nzima ikapita. Dereva akaingia ndani ya gari, akakanyaga pedeli, akaikuta ngumu kabisa. Akafurahi. "Mama, imepona yenyewe! Naomba niwahi soko."

"Gari haliponi lenyewe, mwanangu. Toa ufunguo."

Mpwa naye akashangaa. Kitu kibovu kimekuwaje kizima bila kuguswa?

Shangazi yake akaleta mabomba mawili mapya ya sindano, yasiyo na sindano, akayaunganisha kwa kijipira chembamba na kuyajaza maji. Mpwa akasukuma bomba moja, na papo hapo la pili likajisukuma nje. Kisha fundi akaingiza hewa kidogo. Safari hii mpwa alisukuma, akaona hewa inabanwa kwanza, na bomba la pili likachelewa kutikisika. Jaribio hili hata ninyi mnaweza kulifanya, ila mabomba yawe mapya kutoka duka la dawa, si ya kuokota.

Breki za gari zinafanya kazi kwa kanuni hiyo, aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Mguu unasukuma masta silinda, mafuta ya breki yanapeleka msukumo huo kwenye kila gurudumu, na huko, kwenye breki za diski, pedi zinabana diski. Mafuta hayabanwi, ila hewa na mvuke hubanwa. Kwa hiyo pedeli ikilegea, mara nyingi kuna kitu kimeingia kwenye mafuta, au mafuta yenyewe yanapata pa kutokea.

Fundi akaanza kupeleleza. Kwanza kopo la mafuta: kiasi kilitosha, lakini yalikuwa meusi, na mapya huwa ya manjano hafifu. Akamulika tochi nyuma ya kila gurudumu. Pakavu, hapavuji. Akawasha injini na kumwambia dereva akanyage kwa nguvu na asiondoe mguu kwa dakika nzima. Hapa ndipo masta silinda hujitaja. Raba zake za ndani zikiisha, mafuta hupenya na kurudi nyuma, pedeli ikawa inazama polepole chini ya mguu, ingawa nje hakuna tone. Ya pikapu haikuzama.

"Basi ni maji," fundi akasema.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, mwaka baada ya mwaka. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 155. Mlimani pale pedi zilipata moto, mafuta yakachemka na kutoa mvuke, na mvuke ukabanwa mguu ulipokanyaga. Gari lilipopoa, mvuke ukarudi kuwa maji na pedeli ikawa ngumu. Dereva angeondoka akidhani gari limepona, ugonjwa ungali ndani.

Pedi zilikuwa zimeungua, zikabadilishwa. Kisha ikaja kazi ya kutoa upepo na mafuta ya zamani. Fundi akaweka kipande cha mbao chini ya pedeli isizame kupita kawaida, maana kwenye masta ya zamani huko ndani huwa na kutu inayochana raba. Akaanza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta katika gari la usukani wa kulia. Yapo magari yenye mpangilio tofauti, na kitabu cha gari husema.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia hapohapo!" Spana namba 10 ikalegeza kiskurubu cha kutolea upepo, mafuta meusi yakatoka na mapovu kupitia kijipira hadi kwenye chupa. "Usiachie!" Akakaza. "Haya, achia."

Dereva angeachia mapema, hewa ingevutwa ndani na kazi ingeanza upya. Mpwa alilinda kopo lisikauke, akiongeza mafuta mapya kila mara. Wapo wanaoongeza oili ya injini. Huo ni uharibifu mtupu, kwani oili huvimbisha raba zote za breki.

Mwisho fundi alipampu pedeli injini ikiwa imezimwa, akaikanyaga na kuwasha. Ikashuka kidogo, kisha ikasimama imara. Kushuka huko ni kazi ya busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu, si ubovu.

Watengenezaji wengi wa magari huagiza mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama gari halitembei sana. Nanyi mkipanda gari mkaona dereva anapampu pedeli mara mbili tatu ndipo lishike, msinyamaze. Mwombeni asimame mahali salama na aite fundi.