Umri Si Kizuizi: Kusomea na Kufundisha Sanaa Ukiwa Mtu Mzima

Mwezi huu tunajibu swali la kina mama na kina baba hapa kambini: mtu wa miaka arobaini anaweza kusomea uchoraji na kuwafundisha wengine? Ndiyo, anaweza, lakini kuna hatua zake.

Tuanze na mfano. Rosemary Karuga wa Kenya alisomea sanaa Makerere, Uganda, 1950 hadi 1952. Halafu akafundisha shule miaka mingi, kazi zake mwenyewe akaziweka kando. Mwaka 1987, akikaribia miaka 60, alianza tena pale Paa ya Paa, Nairobi. Rangi ni ghali, basi yeye alikata karatasi za kufungia bidhaa na kurasa za magazeti, akazibandika zikawa picha. Mwaka 1990 picha hizo zilionyeshwa New York!

Sasa, hatua zenyewe.

Kwanza, shule ya msingi. Kama hukumaliza, Sudan Kusini kuna mpango wa elimu ya haraka: miaka minane inasomwa kwa minne. Asiyejua kusoma aulizie madarasa ya watu wazima.

Pili, chuo. Chuo Kikuu cha Juba kimekuwa na kitivo cha sanaa, muziki na maigizo; kaulizeni nafasi. Ng'ambo ya mpaka, Makerere ina mtihani maalum wa kuingia kwa wenye miaka 25 na zaidi.

Tatu, ada. Ufadhili wa DAFI, unaotolewa na Ujerumani tangu 1992, ni wa wakimbizi. Ila una kikomo cha umri, kwa hiyo vijana wawahi, na wazee waulize misaada mingine.

Nne, vyeti. Wengi wetu tuliviacha tulipokimbia. Usinunue cha kughushi, kitakuharibia kabisa. Eleza hali yako mapema kwa ofisi ya elimu. Tunza pia michoro yako kwenye bahasha kubwa, kila mmoja uandikwe tarehe nyuma. Walimu wa sanaa hutaka kuona kazi.

Tano, kufundisha. Kuajiriwa shuleni kunataka cheti cha ualimu. Lakini kukusanya watoto chini ya mti Jumamosi, na mkaa na makatoni, kunataka ruhusa ya wazazi na viongozi tu. Omba barua ya kuthibitisha kazi hiyo, itakusaidia mbele.

Wazazi, mtoto akikuona na daftari, na yeye atashika lake. Tukutane toleo lijalo.